Tunawalaumu Wachina kwa vitu feki, lakini chati hatuwaombi

Naandika kutoka Guangzhou.

Mimi ni muuguzi. Shahada yangu niliipata nyumbani, nikafanya kazi wodini miaka saba kabla ya kuja huku kusoma zaidi. Najua wapo watakaouliza nesi na mambo ya viwanda wapi na wapi. Naomba mnivumilie kidogo.

Huko nyumbani neno "mchina" limekuwa tusi. Simu ikizima, mchina. Kandambili ikikatika katikati ya barabara, mchina. Soketi ikiungua, mchina. Nami nilikuwa nasema hivyo hivyo mpaka nilipokuja kukaa kwenye jiji hili ambako mizigo mingi ya Kariakoo inaagizwa, na nikaingia kwenye viwanda vyenyewe. Ninachotaka kusema kitawaudhi baadhi yenu. Kiwanda kile kile kinachotuletea takataka ndicho kinachompelekea Mjerumani kitu kizuri. Mashine ni zile zile na wafanyakazi ni wale wale. Tofauti ni nani ameomba nini, na nani anajua kusoma karatasi iliyobandikwa ukutani.

Kisa changu kinaanzia wodi ya watoto, zamu ya usiku, kwenye hospitali ambayo sitaitaja. Tulikuwa tumeletewa vipimajoto vipya vya kielektroniki, vile vya plastiki vyenye kioo kidogo cha namba, kwa sababu vya zebaki vilikuwa vinaondolewa. (Hata China yenyewe imepiga marufuku kutengeneza vya zebaki kuanzia Januari 1, 2026.) Mama mmoja akaleta mtoto wa wiki tatu aliyekataa kunyonya. Nikampima kwapani, kikasoma 36.9. Nikaandika kwenye faili, nikahamia kwa mgonjwa mwingine. Sista mmoja wa siku nyingi akapita, akamgusa mtoto kifuani kwa mgongo wa mkono.

"Huyu umempima?"

"Ndiyo Sista, hana homa."

Akanitazama tu. Akatoa mfukoni kipimajoto chake cha zamani cha zebaki, alichokataa kukirudisha stoo, akampima tena. 38.6.

Mtoto alianzishiwa dawa usiku ule ule na akapona. Lakini mimi sikupona haraka. Mtoto wa wiki tatu akikataa kunyonya, hiyo peke yake ni dalili ya hatari, na nilipaswa kumwita daktari hata bila homa. Ile namba ndiyo iliyonituliza. Alfajiri nikakusanya vipimajoto vyote 12 vya wodi, nikavitia kwa pamoja kwenye jagi moja la maji ya uvuguvugu. Maji ni yale yale, dakika ni zile zile. Vinane vilikubaliana. Vinne vilisoma chini kwa zaidi ya nusu digrii, na kimoja kati ya hivyo vinne, kile nilichokuwa nacho mimi, kilisoma chini kwa zaidi ya digrii moja na nusu. Nilipopeleka taarifa kwa mkubwa wangu nikajibiwa: "Vimekaguliwa hivyo, vina cheti." Na kweli boksi lilikuwa na mihuri mizuri tu.

Sasa turudi huku. Wikendi huwa nawasaidia Watanzania wenzangu kutafsiri wakija kununua mizigo. Wengi hufikia Xiaobei, wanazunguka Sanyuanli na Guangyuan Xi, na msimu wa maonyesho ya Canton (yale yaliyoanza mwaka 1957) hoteli zinajaa mpaka unakuta watu watatu chumba kimoja. Dada mmoja mwenye duka la vifaa vya hospitali Kariakoo akaniomba nimsindikize Foshan, mji jirani tunaofika kwa treni ya chini ya ardhi. Alitaka vipimajoto 3,000. Niliposikia ni vipimajoto, moyo ukadunda.

Kiwandani nilikuta binti wa miaka ishirini hivi amekaa kando ya beseni la maji ambayo joto lake halibadiliki. Kila saa moja anachukua vipimajoto vitano kutoka kwenye mstari wa uzalishaji, anavitumbukiza, anasoma, anakokotoa wastani wa vile vitano na tofauti kati ya cha juu na cha chini, kisha anaweka nukta mbili kwenye chati. Chati ina mstari wa katikati, mstari mmoja juu na mwingine chini. Kazi yake ya siku nzima ni hiyo. Nikasimama pale nikasahau kama nimekuja kutafsiri.

Unajua kwa nini? Kwa sababu mimi kitu kile nilikuwa nakijua. Muuguzi yeyote anakijua. Ile ni patografu! Ile karatasi ya wodi ya wazazi ambayo mkunga anaweka alama jinsi njia inavyofunguka saa baada ya saa, yenye mstari wa tahadhari na mstari wa kuchukua hatua. Mistari ile miwili ilibuniwa hapa hapa Afrika, mjini Salisbury ambao leo ni Harare, na madaktari Philpott na Castle mwaka 1972, ili mkunga aliye mbali na hospitali kubwa ajue mapema mama gani apelekwe. Hakuna anayesubiri mtoto afe ndipo aseme uzazi umekwenda vibaya. Unatazama nukta zinaelekea wapi.

Chati ya kiwandani ni mkubwa wake kwa umri. Mei 16, 1924 mhandisi Walter Shewhart wa kampuni ya Western Electric ya Marekani alimwandikia bosi wake waraka mfupi wenye mchoro wa namna hiyo. Wazo lake ni jepesi na bado watu wengi hawalielewi. Hakuna vitu viwili vinavyotoka kiwandani sawasawa kabisa, kila kitu kinatofautiana kidogo na jirani yake. Kuna kutofautiana kwa kawaida, ambako ni tabia ya mashine yenyewe, na kuna kutofautiana kunakotokana na jambo fulani lililoingia: malighafi imebadilika, kisu kimechakaa, mfanyakazi mgeni. Shewhart alipima kwanza mashine inatawanya kiasi gani kwa kawaida, kisha akachora mipaka mara tatu ya kiasi hicho, juu na chini ya wastani. Mashine ikiwa imetulia, nukta inayotoka nje ya mipaka kwa bahati tu hutokea mara tatu hivi katika elfu. Kwa hiyo ukiiona, simamisha, tafuta sababu. Na hata kama zote ziko ndani, zikipangana nane mfululizo upande mmoja wa mstari wa katikati, jua kuna kitu kinasogea.

Hapo kuna jambo ambalo mimi mwenyewe lilinichukua muda. Ile mipaka haiwekwi na mnunuzi, inatokana na mashine. Mnunuzi ana mipaka yake, kwa mfano kusiwe na kosa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya digrii. Mashine inaweza kuwa imetulia kabisa, nukta zote ndani, na bado ikawa inatoa vitu visivyokufaa, kwa utulivu. Ni kama mgonjwa ambaye presha yake iko juu kila siku kwa kiwango kile kile. Ametulia, ndiyo, lakini si mzima.

Meneja akatukaribisha chai. Akauliza swali moja ambalo nililitafsiri nikiwa najua litatuaibisha: "Mnataka kiwango gani cha kasoro?"

Dada akanigeukia. "Kasoro? Mwambie mimi nataka nzuri, bei ya chini."

Ndugu zangu, hapo ndipo tunapoliwa. Kuna utaratibu wa ukaguzi wa sampuli ambao dunia nzima ya biashara inautumia. Mizizi yake ni jeshi la Marekani wakati wa Vita ya Pili, leo unaitwa ISO 2859, na Wachina wanao kwa jina lao, GB/T 2828. Unakuwa na jedwali. Mzigo wa vipimajoto 3,000, kwa ukaguzi wa kawaida, unachomoa 125. Halafu inategemea mmekubaliana kiwango gani, ambacho wenyewe huandika AQL. Mkikubaliana 1.0, mzigo unapita kama vibovu ni vitatu au pungufu, vikifika vinne unakataliwa. Mkikubaliana 2.5, unapita hata kwa vibovu saba. Mkikubaliana 4.0, hata kwa kumi. Usipokubaliana chochote, kiwanda kinajichagulia, nawe usitegemee kichague kinachokiumiza.

Hebu tupige hesabu kidogo, msiogope. Chukulia mzigo wa dada una vibovu 5 katika kila 100, yaani 150 kwa mzigo mzima. Kwa kiwango cha 2.5 mzigo huo utapita ukaguzi mara saba katika kumi. Kwa kiwango cha 1.0 utapita mara moja tu katika nane hivi. Mzigo ni ule ule na sampuli ni zile zile 125. Tarakimu moja kwenye mkataba ndiyo iliyobadilisha kila kitu. Na je, akifanya kama wengi wetu tunavyofanya, anafungua katoni ya juu, anachomoa kumi, anaviwasha, anasema viko poa? Mara sita katika kumi hataona kibovu hata kimoja. Atapiga picha na meneja, atalipa salio, atarudi hotelini akifurahi.

Na hizo kumi zimetoka katoni ya juu! Sampuli lazima ichaguliwe kwa bahati nasibu kutoka mzigo mzima, ya juu, ya chini na ya nyuma kabisa ukutani. Aliyepanga katoni anajua utafungua ipi. Hapo hesabu yote inakufa, kwa sababu hesabu inadhani umechagua bila kuchaguliwa.

Mtu atasema basi tuongeze ukaguzi tu. Hapana, na hapa ndipo natofautiana na wengi wanaopiga kelele kuhusu TBS. Ukaguzi wa mwisho ni kama kupima maiti, unajua kilichomuua lakini humfufui. Deming, Mmarekani aliyekwenda Japani mwaka 1950 kuwafundisha wakuu wa viwanda hizi chati za Shewhart, alipigania maisha yake yote kwamba ubora haupatikani kwa kukagua mwishoni, bali kwa kuisimamia kazi yenyewe inavyoendelea. Wajapani walimsikiliza. Wakati huo bidhaa za Japani zilikuwa zinachekwa duniani kama sisi tunavyozicheka za China leo. Wachina nao walikuja kuamka. Mwaka 1985 huko Qingdao, mkurugenzi Zhang Ruimin alipokuta majokofu 76 yenye kasoro aliwapa wafanyakazi nyundo wayavunje wenyewe. Kiwanda hicho leo kinaitwa Haier.

Msidhani naipaka China rangi nzuri. Jiji hili hili ninaloishi lina kaburi lake. Mwaka 2006 wagonjwa wa hospitali moja kubwa ya hapa Guangzhou walichomwa sindano za armillarisin, figo zikafeli, na zaidi ya watu kumi wakafa. Kiwanda cha dawa, kilichokuwa Qiqihar kaskazini kabisa, kilikuwa kimenunua kimiminika kilichoitwa propilini glaikoli, kumbe ni dai-ethilini glaikoli, sumu. Muuzaji alileta vyeti vya kughushi, na kiwanda hakikupima malighafi inavyopaswa. Rudia kusoma hapo: VYETI VILIKUWEPO. Mwaka uliofuata, Julai 2007, mkuu wa zamani wa mamlaka ya chakula na dawa ya China, Zheng Xiaoyu, aliuawa na serikali yake kwa hukumu ya kifo kwa rushwa. Sumu ya aina hiyo hiyo ndiyo iliyokutwa mwaka 2022 kwenye dawa za kikohozi zilizotoka India kwenda Gambia, na watoto wengi wakapotea. Hapo chati peke yake isingeokoa mtu, kwa sababu chati inaonyesha kile tu ulichoamua kupima.

Sasa nyumbani. TBS ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1975. Mwaka 2012 ikaanza utaratibu wa kukagua bidhaa huko huko zinakotoka kabla hazijapanda meli, Wakenya kupitia KEBS walikuwa wameshaanza tangu 2005. Vifaa tiba viko kwa TMDA, iliyozaliwa 2019 kutoka TFDA. Kwa wazo, utaratibu huo ni mzuri, kwani ukikataa mzigo bandarini Dar hasara imeshamfika Mtanzania. Lakini tusisahau tulikotoka. Mwaka huo huo wa 2012 ndio liliokuwa linatokota lile sakata la ofisi za kukagua magari zilizodaiwa kuwepo Hong Kong na Singapore. Kamati ya Bunge ya mashirika ya umma ikasema ofisi hazipo, na mkurugenzi mkuu wa TBS akasimamishwa kazi. Mtu aliyeishi hayo ukimwonyesha muhuri anacheka.

Utaratibu wenyewe una njia tatu. Njia ya kwanza kila mzigo unapimwa na kukaguliwa. Njia ya pili bidhaa inasajiliwa. Njia ya tatu kiwanda chenyewe kinakaguliwa namna kinavyofanya kazi, kinapewa leseni. Ile ya tatu ndiyo inayokaribia chati. Lakini ni ya wakubwa, wenye viwanda vinavyosafirisha kila mwezi kitu kile kile. Dada yangu wa Kariakoo na vipimajoto vyake 3,000, anayechangia kontena na wenzake sita wenye mabegi, vipodozi na taa, yeye yuko wapi hapo? Mzigo wake ni mdogo kiasi kwamba gharama ya mkaguzi wa siku moja, ambayo huku ni kama dola 300, inakula faida. Kwa hiyo anakwepa, au anamwachia wakala wa mizigo "ashughulikie". Na sote tunajua kushughulikia maana yake nini. Mwisho wa yote anayefanya ukaguzi wa sampuli ni mama mwenye mtoto wa wiki tatu saa nane usiku.

Kwa mtazamo wangu yapo mambo yanayowezekana bila kusubiri sheria mpya. Wafanyabiashara wanaoagiza kitu kimoja waungane. Watano wenye oda za 3,000 wana mzigo wa 15,000, na jedwali kwa mzigo huo linataka sampuli 315 tu, si 625, tena kwa mkaguzi mmoja. Jumuiya yetu hapa Guangzhou inaandaa sherehe za kitaifa vizuri mno, haishindwi kuandaa hili. Mikataba iandike AQL kwa kasoro zinazoua na nyingine kwa mikwaruzo, maana kipimajoto kinachodanganya na kipimajoto chenye rangi iliyochubuka si dhambi moja. TBS na TMDA ziwaombe wauzaji chati za miezi mitatu pamoja na cheti. Chati ni ngumu kughushi kuliko muhuri, kwa sababu nukta za kweli zinatawanyika ovyo ovyo na za uongo huwa nzuri mno. Nyuzi zile zile kila saa, mstari kama rula? Hiyo imeandikwa na mtu mmoja kwa kalamu moja jioni. Wauguzi tunazijua sana chati za aina hiyo, na sitasema zaidi.

Tena matokeo yachapishwe. Mizigo mingapi imekataliwa mwaka huu, ya bidhaa gani, kutoka mji gani. Bohari ya Dawa nayo ihesabu malalamiko ya wodi moja moja. Yale majibu yangu ya jagi la maji yalikuwa taarifa ya thamani, yakaishia kwenye droo.

Mtaniambia mteja wetu maskini hawezi kulipia ubora. Nimelisikia hilo sana na nilishawahi kuliamini. Pale Foshan tofauti ya bei kati ya vipimajoto vinavyopita kwenye lile beseni na vile visivyopita ilikuwa senti chache za dola kwa kimoja. Ndiyo, chumba cha pili kilikuwepo. Meneja hakukificha. Mle mlikuwa na vipimajoto vya namna ile ile, visivyo na jina, bila beseni wala binti wala chati. Nilimuuliza hivi ni vya nani. Akajibu bila haya, vya wateja wasiouliza.

Dada alikaa kimya njia nzima ya kurudi. Tulipofika Xiaobei akaniambia, "Mdogo wangu, hebu nieleze tena ile ya vitatu na vinne." Nikamchorea nyuma ya risiti ya chakula. Kesho yake akapunguza oda kutoka 3,000 hadi 2,400 ili fedha zitoshe, akaandikisha kiwango cha 1.0 kwenye mkataba, na akaomba apigiwe picha ya chati kila jioni kwenye WeChat mpaka mzigo ukamilike. Meneja alicheka, lakini akakubali.

Wiki ya pili nikiwa darasani simu ikatetemeka. Dada, kutoka Kariakoo, amenitumia ile picha na ameizungushia nukta moja kwa rangi nyekundu. Chini ameandika: "Nesi, hii ya Alhamisi saa nane mbona imetoka nje? Waulize wamebadilisha nini." Nikapiga. Walikuwa wamebadilisha muuzaji wa vihisio asubuhi ile.